Maneno ya Jukwaani na Daftari la Kikundi

Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia

 

Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala mikopo ya kikundi. Tutazungumza juu ya maneno ya viongozi, na jinsi ya kuyapima.

Mnajua mambo yalivyo. Mheshimiwa anakuja kwenye harambee au mazishini, anashika kipaza sauti, anasema: "Nimewaletea maji hadi sokoni." Tunapiga makofi. Jioni redio inatangaza kwamba tumepata maji, na mama anaisikia habari hiyo akiwa bado na mtungi kichwani. Sasa, msidhani hayo ni maneno ya kupita tu. Kazi ikisemwa imekwisha, na hakuna aliyeuliza, bajeti ya mwaka unaofuata inaweza kuturuka. Watasema, si wale walishapata?

Kupima maneno ya wakubwa si jambo geni hapa Kenya. Mwaka 2006 Wakenya wawili, Ory Okolloh na Conrad Akunga, walianzisha Mzalendo ili wananchi wajue wabunge wao wanasema nini na kufanya nini bungeni. Wakati huo habari za wabunge zilikuwa ngumu kupatikana. Baadaye, mwaka 2016, PesaCheck ilianza kukagua hesabu za pesa za umma zinazotajwa na viongozi.  Walianza na swali moja: umeitoa wapi hesabu hiyo? Swali hilo hata kikundi cha watu kumi na watano kinaweza kuliuliza. Basi tufanyeje?

Kwanza, katibu aandike maneno yenyewe: nani alisema, wapi, tarehe gani. Atenganishe ahadi na dai. Ahadi ni ya kesho, hiyo tunaiweka na kungoja. Mwaka 2013 Jubilee iliahidi kompyuta ndogo kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ilipofika 2016 vilivyoanza kugawiwa shuleni vilikuwa tableti. Aliyeandika ahadi ile anaweza kulinganisha. Dai nalo ni la jana: "nimejenga", "nimeleta". Hilo linapimwa leo.

Pili, tuulize ni kazi ya nani. Kwa Katiba ya 2010, zahanati, huduma za maji na chekechea ni za kaunti. Shule za msingi na za sekondari ni za serikali ya kitaifa. Kwa hivyo mbunge akijisifu kwa zahanati, tuulize kwa upole pesa zilitoka fungu gani. Na hata zikitoka fungu lake, ni kodi yetu hiyo, ile tunayolipa tukinunua sabuni na sukari. Si za mfukoni mwake.

Tatu, twende tukaone. Tuhesabu mabomba, tufungue mfereji, tumwulize anayekaa karibu. Tuandike tulichokiona, si tulichosikia.

Nne, tuandike barua. Hapa sikilizeni sana, maana wengi hawajui. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kutoka ofisi ya umma. Barua yaweza kuwa ya Kiswahili. Hulazimiki kueleza sababu. Hulipi chochote kupeleka ombi, ila huenda ukalipia nakala. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, na ofisa anatakiwa kumsaidia kuliandika ombi lake. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21, na ikihitaji muda zaidi inaweza kuongeza siku 14. Wakikataa, pelekeni malalamiko kwa Ombudsman ndani ya siku 30. Wekeni nakala ya kila barua, na mwombe ile nakala yenu igongwe muhuri siku mnayoipeleka.

Haya, na redio je? Uchaguzi wa 1992 ulipofanyika, redio ilikuwa moja tu, KBC, tena ya serikali. Leo stesheni ni nyingi, hata za lugha zetu za nyumbani. Lakini kila moja ina mwenyewe, na ina wanaolipia matangazo. Serikali nayo ina mkono mrefu: Januari 2018 ilizima televisheni za Citizen, NTV na KTN siku Raila Odinga alipoapishwa pale Uhuru Park. Kwa hivyo tusikie habari moja katika stesheni mbili, kisha tujiulize: nani amepewa nafasi ya kusema? Nani hakuulizwa? Kama habari ni ya mradi wetu na sisi hatukuulizwa, hiyo ni habari nusu.

Neno la mwisho ni gumu kidogo. Tukimpima mwanasiasa wa upande ule peke yake, na wa kwetu tukamnyamazia, hatupimi kitu. Tunapiga siasa, na kikundi kitavunjika. Wote wapimwe kwa daftari moja. Na dai likiwa la kweli, tuseme ni la kweli, mbele ya watu, hata kama hatukumpigia kura. Tena swali liulizwe na kikundi kizima, kwa barua yenye sahihi za wote, ili asije mtu mmoja akaonewa.

Kabla ya mkutano wetu ujao, kila kikundi kichague dai moja tu lililosemwa katika wadi yenu. Liandikwe juu ya ukurasa. Chini yake andikeni mlichouliza, mlichoona na mlichojibiwa. Msipojibiwa, andikeni hivyo pia, pamoja na tarehe. Mje na ukurasa huo, tuusome pamoja.