Je, Naruhusiwa Kumlilia?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Songambele, Wilaya ya Kyerwa)

  

Leo nilikuja na mada ya mabadiliko ya mwili wakati wa kubalehe. Mada ipo, tutaifikia. Lakini nimefungua sanduku letu la maswali, na karatasi ya kwanza kabisa imeandikwa hivi: "Dada, ni kosa kumlilia mtu aliyeuawa kwenye vurugu za uchaguzi? Nyumbani nimeambiwa ninyamaze." Haina jina. Wewe uliyeandika, sikutafuti, na wenzako nawaomba wasigeuke kutazamana.

Jibu langu ni hapana, si kosa. Ningeweza kuishia hapo tukaendelea na chunusi. Lakini swali hili nimelibeba mwenyewe pia, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mnajua yaliyotokea. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Jumatano, tulipiga kura. Siku hiyo hiyo maandamano yalianza Dar es Salaam na miji mingine, kukawa na vurugu, watu wakapigwa risasi. Jioni Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje, na intaneti ikakatika nchi nzima kwa siku kadhaa. Tarehe 11 Novemba Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema inaaminika kwamba waliouawa ni mamia, ikaomba miili irudishwe kwa ndugu. Tarehe 14 Novemba Rais Samia Suluhu Hassan, akilihutubia Bunge Dodoma, alizipa pole familia zilizofiwa na akatangaza tume ya kuchunguza. Sasa, kama pole imetolewa bungeni, wewe wa kidato cha pili utakosaje ruhusa ya kutoa pole?

Mimi nilisoma chuo Dar es Salaam. Mtaani tulikopanga kulikuwa na kijana wa chipsi, pale kwenye kona. Chipsi mayai, kachumbari nyingi, na ukipungukiwa mia mbili anakwambia utaleta kesho. Alikuwa akiniita "Mhaya". Nimemwambia mara mia mimi ni Mnyambo, anacheka, kesho yake ni "Mhaya" tena. Intaneti iliporudi nikapata ujumbe wa rafiki yangu: "Yule kaka wa chipsi tumemzika jana."

Mnajua nilijibu nini? Nilijibu: "Kwani alikuwa anaandamana?"

Rafiki yangu alichelewa kujibu. Halafu akaandika: "Alikuwa na miaka 23."

Naona aibu kuwaambieni hili, lakini nalisema kwa sababu najua si mimi peke yangu. Mtu amekufa, na kabla sijasema hata pole, nataka kwanza nijue kama anastahili machozi yangu. Kama alikuwa anafunga kibanda chake, basi hana hatia, nitalia. Kama alikuwa barabarani na wenzake, basi ngoja kwanza nifikirie. Jamani, huu ni utaratibu gani wa msiba? Huku kwetu jirani akifiwa, watu hawaendi kulima. Huyu analeta mkungu wa ndizi, huyu kuni, huyu maharage, vijana mnatumwa maji na kuchimba kaburi. Mlangoni hakuna anayekaa na daftari akiuliza marehemu alikuwa chama gani.

Wapo waliokufa ambao kweli hawakuwa na habari na maandamano yoyote, na hao ndio tunaowaita wasio na hatia. Lakini hata aliyetoka na bango, adhabu ya kubeba bango si kifo, na mama yake amebaki vilevile na nguo zake mkononi. Na kama ni askari aliyeuawa, naye ana watoto. Nani alifyatua, kwa amri ya nani, hayo lazima yaulizwe, tena yajibiwe. Ila aulizwe aliyeua. Marehemu tumwache.

Wazee wetu wa Kagera wanalijua hili kuliko sisi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu, wengi wao wa mkoa huu. Taifa likaomboleza siku tatu. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza, mbali na migomba yao, na wengine ziwa halikuwarudisha kabisa. Watu walihoji meli ilijazwaje vile, na walikuwa na haki ya kuhoji. Lakini hakuna aliyemuuliza bibi aliyefiwa, "Mwanao alifuata nini melini?"

Wa uchaguzi ndio tunaowanyima. Na si mara ya kwanza. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, waandamanaji walipigwa risasi Zanzibar, hasa Pemba, wakafa zaidi ya 30. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Sisi, ambao mwaka 1994 tulipokea wakimbizi wa Rwanda hapa Karagwe, tukawa nasi tumetoa wakimbizi! Baadhi ya majeruhi waliogopa hata kwenda hospitali wasije wakakamatwa. Nikiwa mtu wa afya, hilo linaniuma sana. Kidonda ambacho mgonjwa anaogopa kukionyesha, mimi nitakisafishaje?

Huzuni nayo ni hivyo hivyo. Kama umefiwa na umeambiwa unyamaze, mwili haunyamazi. Usingizi unakataa. Chakula hakipiti. Kichwa kinauma, kifua kinabana, mwalimu anafundisha wewe unamwona mdomo tu. Mlango ukigonga kwa nguvu unaruka. Wengine wanakuwa wakali, wanapigana na wadogo zao bila sababu. Hujarogwa na huna wazimu. Ni huzuni. Kwa walio wengi inapungua kidogo kidogo, wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi, hasa ukipata hata mtu mmoja wa kumwambia. Si lazima usimame sokoni Nkwenda upige kelele. Wazazi waliokuambia unyamaze huenda wanaogopa kwa ajili yako, usiwachukie. Lakini shangazi yupo, mwalimu wa ushauri yupo, padri, mchungaji, shehe. Lia huko.

Kama mwili haukupatikana, msiba bado ni msiba. Waislamu wanayo sala ya ghaibu, Wakristo mnaweza kuomba misa au ibada ya kumkumbuka. Ukiona kwamba huwezi kusema "amekufa" wala "yu hai", usijilazimishe. Familia nyingi zimekaa hapo katikati, na ni mahali pagumu kuliko kaburini.

Halafu zile video. Najua mnazo, hata nyie mnaosema simu haziruhusiwi shuleni. (Kicheko.) Ushahidi una mahali pake, kwa wanaochunguza. Lakini kuangalia mtu akifa mara kumi kabla ya kulala kunakuumiza wewe, na yule ni mtoto wa mtu, hajavaa vizuri, hajafunikwa. Msirushiane.

Na sasa nisikilizeni vizuri. Kama wiki zinapita hulali, huli, umeanza kunywa gongo au konyagi ili usahau, au unawaza afadhali ufe na wewe, usingoje. Mwambie mtu mzima leo hii, uende zahanati au kituo cha afya. Ukimwona mwenzako katika hali hiyo, usimwache peke yake, mpeleke. Hapo hakuna cha siri ya rafiki.

Mimi namba ya yule kaka bado ninayo kwenye simu. Nimeiandika "Chipsi". Wiki iliyopita nilimpigia rafiki yangu nikamwomba radhi kwa lile swali, nikamwambia pole, na nikauliza jina lake kamili ndipo nikajua kwamba miaka mitatu nilikula kwake sikuwahi kulijua.

Naomba tusimame dakika moja. Kila mtu amkumbuke anayemjua. Usiyemjua yeyote, mkumbuke wa chipsi.

...

Asanteni. Kaeni. Karatasi ya pili inauliza kama dawa ya meno inaponya chunusi.