Aliyezidiwa na Pombe Asiachwe Alale Peke Yake

Ndugu wananchi wa Makutupora,

Kata hii inajulikana kwa zabibu na mvinyo wake. Lakini kilevi chochote, kiwe mvinyo, pombe ya mtama au gongo, kikizidi kipimo huwa sumu. Wengi husema, "Mwacheni alale, itamtoka." Kauli hiyo huweza kuua, kwani pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia katika damu hata mnywaji akiwa usingizini.

Dalili za hatari ni hizi: haamki akiitwa wala akifinywa, anatapika bila kujitambua, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, ngozi imepoa, midomo imebadilika rangi, au anapatwa na degedege. Dalili moja inatosha.

Mtu huyo alazwe kwa ubavu, asiachwe peke yake, na afikishwe haraka kituo cha afya. Asipewe kahawa, asimwagiwe maji baridi, asilazimishwe kutapika.

Mwezi Mei 2014 nchini Kenya, pombe haramu yenye methanoli iliua makumi ya watu na kuwapofusha wengine. Anayeanza kuona ukungu baada ya kunywa asingoje kupambazuke.

Anayemfikisha mgonjwa aseme kweli alichokunywa, hata kama ni gongo. Swali la mganga ni la tiba, si la mashtaka.