Sikukuu Zetu Chini ya Mlima Meru
Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu, Arusha



Nimeombwa nizungumzie mila na sikukuu za hekalu letu. Mimi ni mfanyabiashara, wala sina elimu ya mapandit. Nitajibu tu yale ambayo majirani huniuliza dukani, kwa kuwa majibu hayo hayo watoto wetu nao wanayahitaji.

Swali la kwanza: kwa nini tarehe ya Diwali hubadilika kila mwaka? Kalenda yetu hufuata mwezi, kama ya ndugu zetu Waislamu. Miezi 12 ya mwandamo hufanya siku zipatazo 354, yaani pungufu kama siku 11 kwa mwaka wa jua. Waislamu hawauzibi upungufu huo, ndiyo maana Idi huzunguka misimu yote. Wahenga wetu waliuziba kwa kuongeza mwezi mzima, Adhik Maas, kila baada ya miezi 32 au 33. Kwa hiyo Diwali, ambayo huwa usiku wa giza mwezi usipoonekana, haivuki mipaka ya Oktoba na Novemba.

Hata hivyo, misimu inayofuatwa ni ya Gujarat. Huko, Navratri huja mvua za pepo za kusi zikikoma na mavuno yakikaribia. Hapa Arusha huikuta ardhi kavu na wakulima wakisubiri vuli. Holi huko huaga majira ya baridi. Hapa moto wake huwashwa huku tukitazama mawingu ya masika. Tarehe zimebaki zile zile, lakini vitu ni vya hapa. Nazi tunazotoa kwenye moto wa Holi hutoka Pwani. Ndizi na mboga za Annakut hulimwa na majirani zetu Wameru na Waarusha, nasi huzinunua Kilombero na Tengeru.

Swali la pili: je, garba ni ngoma ya harusi? La. Neno hilo limetokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi. Katikati huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, na ndani yake taa. Chungu ni mwili, taa ni uhai, nasi twamzunguka Mama Amba kwa usiku 9. Nimepata kuona katika ukumbi mmoja chungu kimesogezwa pembeni ili kupisha vipaza sauti, na vijana wakizunguka mahali patupu. Walicheza vizuri sana, lakini hapakuwa na aliyewaambia wanamzunguka nani.

Swali la tatu huhusu vitabu vya hesabu. Katika Chopda Pujan tunaweka vitabu vipya mbele ya Mama Lakshmi na kuandika Shubh na Labh, yaani heri na faida. Angalieni mpangilio: heri hutangulia. Siku hizi hata kompyuta hupakwa kanku. Mwaka mpya ukiingia husalimiana "Sal Mubarak", na jirani Mwislamu hutabasamu kwa kulisikia neno lake. Hakukosea: mubarak ni Kiarabu, na sal ni Kiajemi. Bahari iliyotuletea maneno hayo ndiyo iliyokipa Kiswahili gari na laki kutoka India.

Nifikie jambo linalonitia wasiwasi. Annakut ni mlima wa chakula, ukumbusho wa Bwana Krishna alipouinua mlima Govardhan kwa siku 7 kuwakinga watu na mvua. Mlima huo haujengwi na mtu mmoja. Wengi wetu tunaojua kuujenga tumekwisha kuzeeka, na watoto wetu wako London, Leicester na Toronto. Wakati huo huo, jikoni mwetu wamo akina mama wa hapa wanaokunja ghughra vizuri kuliko mabinti zetu. Ujuzi upo, ila haujaandikwa wala kukabidhiwa kwa heshima inayostahili.

Naomba mambo matatu. Kila mila ipewe kijana mmoja wa kujifunza kwa mzee mmoja. Kila sikukuu iwe na maelezo kwa Kiswahili mlangoni, ili mgeni na mtoto waelewe pamoja. Na wale wanaopika nasi waalikwe kuketi nasi.

Sisi wenye maduka twajua kwamba ukurasa mpya huanza kwa salio lililotoka ukurasa wa zamani. Asiyelihamisha hana kitabu kipya. Ana karatasi tupu. Tulihamishe salio hili tungali hai.

Mungu aibariki Arusha, na awabariki nyote.