*HOTUBA YA KAMATI YA TAWI: SAINI NA KUFULI KWENYE BARUA PEPE ZETU*

Haya ndiyo tuliyoyasema kwenye mkutano wa tawi Jumapili. Tunayatuma hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika.

Mnakumbuka barua pepe iliyokuja kwa jina la Katibu wetu, ikitaka mchango wa ukumbi utumwe kwa namba mpya. Katibu hakuiandika. Wenzetu wawili walishatuma fedha. Hatuwalaumu: jina lilikuwa la Katibu, hata salamu zilikuwa zake. Lawama ni ya kamati. Barua ya karatasi tunaipiga muhuri. Ya mtandaoni tulikuwa tunaituma bila chochote. Mkutano umekubali tawi libebe hasara yao.

*Tulichoamua.* Mwenyekiti, Katibu na Mhazini watatumia programu ya Thunderbird kwa barua zote za tawi. Ni ya bure, na tangu toleo la 78 la mwaka 2020 ina OpenPGP ndani yake, utaratibu uliotokana na programu ya PGP aliyoitoa Phil Zimmermann mwaka 1991.

*Inavyofanya kazi.* Kila mmoja ana funguo mbili. Ufunguo wa wazi anampa yeyote; wa siri hampi mtu, hata Mwenyekiti. Katibu akisaini kwa ufunguo wake wa siri, sisi tunahakiki kwa ule wa wazi. Neno moja likibadilishwa njiani, saini inakataa. Kufunga barua ni jambo jingine: unaifunga kwa ufunguo wa wazi wa mpokeaji, naye peke yake ndiye anayeweza kuifungua. Saini inathibitisha nani kaandika. Kufuli linazuia wengine kusoma. Matangazo yatasainiwa tu. Orodha ya wanachama na namba zao za simu zitasainiwa na kufungwa.

*Tahadhari.*
1. Yeyote anaweza kutengeneza ufunguo na kuuandika jina la Katibu. Kabla ya kuuamini, linganisha alama yake ya herufi na tarakimu 40 na ile iliyobandikwa ofisini. Usiichukue kwenye barua ileile unayoitilia shaka.
2. Kufuli halifichi nani kamwandikia nani, wala siku. Kichwa cha barua nacho kinaweza kubaki wazi, kwa hiyo usiweke siri hapo.
3. Ufunguo wa siri ukipotea bila nakala, barua zilizofungwa hazitafunguka tena. Kompyuta ikiibiwa, toa taarifa siku hiyohiyo ili ufunguo ubatilishwe.

Mzee mmoja aliuliza: "Sisi wa simu ndogo tufanyeje?" Swali la haki. Jibu letu: *ombi lolote la fedha, hata likiwa na saini, mpigie Mhazini kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani.* Usipige namba iliyoandikwa kwenye ujumbe huo. Kanuni hii ni ya wote, wenye kompyuta na wasio nayo.

Mafunzo ni Jumamosi saa nne asubuhi, ofisi ya tawi. Mwenye kompyuta aje nayo. Asiye nayo aje pia, atajifunzia kwenye ya tawi.



_Kamati ya Utendaji ya Tawi_