Gesi Imekwenda Wapi?

(Mazungumzo yaliyotolewa Mbinga mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imenipa dakika ishirini nizungumze juu ya viyoyozi vya magari. Nimesikia mnong'ono kwamba hili si jambo la kuzungumza Mbinga, ambako mwezi wa Juni watu huota moto na kuvaa makoti hadi saa nne asubuhi. Lakini sababu tunaijua sote. Lile gari la abiria ambalo chama chetu kiliinunulia shule, na ambalo mara nyingi hubeba wanafunzi wagonjwa, limejazwa gesi ya kiyoyozi mara tatu katika miezi kumi na minne. Safari ya nne fundi mmoja akashauri ijazwe gesi ya kupikia, eti ni rahisi na hupoza zaidi. Mweka Hazina akakataa kutia saini mpaka apate maelezo. Nimeombwa niyatoe maelezo hayo, na jana mchana nilipata nafasi ya kulikagua gari lenyewe.

Kwanza turudi darasani kidogo. Wengi wenu mtakumbuka somo lile la fizikia la kudondoshewa spiriti mgongoni mwa mkono. Spiriti haikutoka kwenye barafu, ilikuwa na joto la chumba tu, lakini mkono ulipata baridi mara moja. Kila kitu cha majimaji kinapogeuka kuwa mvuke hunyonya joto la kile kilicho karibu nacho. Kiyoyozi cha gari ni spiriti ile ile iliyofungiwa ndani ya mabomba ili mvuke wake usipotee. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huubana mvuke mpaka ukawa wa moto. Mvuke huo hupelekwa kwenye kondensa, ambayo ni kama redieta nyembamba iliyokaa mbele ya redieta ya maji, nao ukipigwa na upepo hupoa na kuwa majimaji. Majimaji hupita katika chupa ya kukaushia, kisha katika tundu jembamba la valvu, na kufuka ndani ya evapareta iliyojificha nyuma ya dashibodi. Hapo ndipo joto la hewa ya ndani ya gari hunyonywa. Mvuke hurudi kwenye kompresa, na safari huanza upya.

Naomba muitazame safari hiyo vizuri. Petroli huingia ndani ya injini ikaungua na kwisha. Gesi ya kiyoyozi haiungui popote wala hailiwi na kitu. Hupotea kidogo sana, kwa miaka, kupitia kuta za mipira na sili. Kwa hiyo fundi akikwambia baada ya miezi minne kwamba gesi imeisha, swali la kumwuliza ni moja tu: imekwenda wapi? Asiyeweza kujibu asipewe fedha ya kujaza.

Sasa tuje kwenye namna ya kutambua ubovu. Sisi wa huku tuna bahati ambayo watu wa Dar es Salaam hawana. Kutoka Mbinga mjini, mahali palipo juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, unateremka kilometa 67 za lami hadi Mbamba Bay, ambako ziwa limelala kwenye mita 475 hivi. Katika safari moja ya asubuhi unatoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto la mwambao, na katika kurudi unapanda mlima polepole na mzigo. Dereva mwenye masikio na macho hupata nusu ya jibu barabarani, kabla hajafika kwa fundi.

Ikiwa baridi haipatikani kabisa tangu mwanzo, sikiliza. Unapobonyeza swichi, kompresa hutoa mlio mdogo wa "tak" klachi yake inaposhika. Usipousikia, angalia fyuzi, rilei na waya kwanza, kisha ndipo ufikirie gesi, maana ndani ya mfumo kuna swichi inayozuia kompresa isizunguke gesi ikipungua sana. Wapo mafundi wanaoiunganisha swichi hiyo moja kwa moja ili kompresa izunguke kwa nguvu. Huo ni uuaji. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na gesi ikikosekana kompresa hujisaga yenyewe.

Ikiwa baridi ni nzuri unapokwenda kasi, lakini inakufa unapopanda milima polepole au unaposimama, mshuku feni, au kondensa iliyoziba. Huku kwetu kondensa huzibwa na vumbi, na kwa watu wa Liuli na Lituhi huzibwa pia na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama moshi. (Wenzetu wa ng'ambo huko Malawi huwakamata wakawafinyanga kama mikate na kuwala. Sisi twawasaga kwenye redieta.) Maji ya bomba na brashi laini hutosha. Mashine ya maji ya nguvu hulaza mapezi yale ya alumini, na upepo haupiti tena.

Ikiwa baridi huanza vizuri, ikatoweka baada ya nusu saa, na kurudi gari likishapumzika, huenda ndani ya mfumo mmeingia unyevu, nao unaganda kwenye tundu la valvu. Na ikiwa upepo wenyewe ni hafifu, fungua kichujio cha hewa kilicho nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Nimewahi kukuta ndani yake mavumbi, maganda ya karanga na kiota cha panya, na mwenye gari alikuwa amekwisha kujaza gesi. Maji yanayodondoka chini ya gari si ubovu. Ubovu ni pale yasipodondoka chini, yakaja kulowesha zulia.

Baada ya hapo ndipo tunafunga geji mbili, ya upande wa chini na ya upande wa juu. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo penye hasara nyingi. Injini ikiwa imezimwa na gari limepoa, geji zote husoma sawa. Kwa gesi ya R134a, ambayo ndiyo iliyo katika magari yetu mengi yaliyotoka Japani, katika joto la nyuzi 20 zitasoma karibu paundi 70 kwa inchi ya mraba, na katika nyuzi 30 karibu paundi 97. Lakini kipimo hicho kinatuambia tu kwamba ndani kuna majimaji yaliyobaki. Mfumo wenye nusu ya gesi na mfumo uliojaa husoma namba ile ile, kama vile mtungi wa jikoni hauonyeshi kwa moto wake kwamba umebaki nusu. Wingi wa gesi hupimwa kwa mizani. Chini ya boneti kuna karatasi iliyobandikwa. Hata ikiwa imeandikwa Kijapani, mtaona herufi HFC134a na gramu zake.

Fundi asiye na mizani hujaza kwa kutazama sindano. Basi fikirini mtu anayejaza hapa Mbinga saa mbili asubuhi, mwezi wa Julai. Hewa ni baridi, kondensa inapoa sana, na sindano zote zinakaa chini. Yeye huona gesi haitoshi, huongeza, na huongeza tena. Gari likiteremka Mbamba Bay mchana, upande wa juu hupanda kupita kiasi, swichi hukata kompresa, na mwenye gari husema gesi imeisha tena. Kumbe imezidi!

Upo mtego mwingine wa mlimani. Kabla ya kujaza, mfumo hunyonywa hewa yote kwa pampu, ili unyevu uchemke na kutoka. Vitabu vya mafundi huandika kwamba sindano lazima ifike inchi 29. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa watu wa pwani. Hapa Mbinga hewa ni nyepesi, na pampu nzima kabisa itaishia inchi 25 au 26. Kule ziwani itafika 28 hivi. Basi pampu isitupwe bure. Lakini siku ya baridi unyevu huchemka kwa shida, kwa hiyo afadhali kazi hiyo ifanywe mchana, na pampu iachwe ifanye kazi hata saa nzima. Kisha ifungwe, na sindano itazamwe. Ikirudi nyuma yenyewe, bado kuna tundu.

Tundu lenyewe hutafutwaje? Vumbi letu, ambalo tunalilaumu kwa kila jambo, hapa ni msaidizi. Gesi inapovuja hutoka na oili, oili hushika vumbi, na mahali pa kuvuja hupata doa jeusi lenye mafuta. Baada ya macho, tumia povu la sabuni, au rangi inayong'aa kwenye taa maalum, au ujaze naitrojeni na kusikiliza. Asiruhusiwe mtu kupima kwa oksijeni ya mtungi wa kuchomelea, kwa sababu oksijeni ya nguvu ikikutana na oili hulipuka. Wapo wanaosema mabomba huliwa na hewa ya ziwa. Ziwa Nyasa ni maji baridi, halina chumvi, na hilo tuwaachie wa Tanga na Mtwara. Kinachotuumiza sisi ni mtikisiko wa barabara za vijijini na, ajabu, kutokutumia. Watu wa Mbinga hukizima kiyoyozi kuanzia Mei hadi Agosti. Sili ya mhimili wa kompresa hulainishwa na oili inayozunguka; isipozunguka hukauka na kuachia gesi. Kiwasheni dakika kumi kila wiki, hata wakati wa baridi. Asubuhi za ukungu kitawafutia kioo cha mbele pia.

Nije kwenye gesi ya kupikia. Ni kweli kwamba inapoza. Propani ni kipozaji kizuri, na kuna majokofu yaliyoundwa kwa gesi za namna hiyo, kiasi kidogo ndani ya mfumo uliofungwa kiwandani. Lakini gari halikuundwa hivyo. Evapareta yake iko ndani, pamoja na abiria. Ikitoboka, gesi inayowaka hujaa chumba chenye swichi, waya, na pengine mtu mwenye sigara. Tundu lililoitoa R134a mara tatu litaitoa na propani pia, na safari hii itatoka karibu na mtoto mgonjwa aliyelazwa kiti cha nyuma.

Tuwe waangalifu pia na mitungi ya bei ya kutupa. Mwaka 2011 makontena ya ubaridi yalilipuka, na watu watatu wakafa huko Vietnam na Brazili. Chanzo kilichobainishwa ni gesi bandia iliyouzwa kama R134a huku ndani ina kloridi ya methili, kitu kinachoila alumini na kuzaa dutu inayowaka ikigusa hewa.

Halafu kuna anga letu sote. Magari ya zamani, hadi katikati ya miaka ya 1990, yalitumia R12, iliyokuwa ikila tabaka la ozoni, ikakomeshwa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ambao Tanzania imeuridhia. R134a haili ozoni, lakini katika hesabu ya Mapatano ya Kigali ya mwaka 2016 kilo moja yake hupasha dunia sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Wakulima wa kahawa mliomo humu mnajua mvua zinavyobadilika. Kuijaza gesi katika bomba linalovuja ni kuimwaga hewani kwa fedha yetu wenyewe.

Sasa gari letu. Jana nilikuta feni nzima, mkanda mzuri, kondensa ina vumbi kiasi. Kwenye kiungo cha bomba karibu na kondensa, upande wa kushoto, pana doa jeusi la oili upana wa kiganja. Kishikio cha bomba hilo kimekatika, kwa hiyo bomba limekuwa likicheza na kuisaga pete ya mpira iliyo ndani ya kiungo. Povu la sabuni lilichemka palepale. Katika mara zote tatu tulizolipia, pete hiyo haikuguswa.

Ninaomba mkutano uidhinishe vitu vifuatavyo: pete mpya ya aina inayostahimili R134a, kishikio, chupa mpya ya kukaushia kwa kuwa mfumo umefunguka muda mrefu, oili ya aina iliyoandikwa na watengenezaji, na gesi kwa uzito ulio kwenye karatasi ya boneti, ambao ni gramu 500. Gesi kidogo iliyobaki inyonywe kwenye mtungi, isiachiwe hewani. Kazi ifanywe mbele ya mwakilishi wa kamati, naye aione mizani kwa macho yake. Mpaka hapo swichi ya kiyoyozi isiguswe, na wagonjwa wasafirishwe madirisha yakiwa wazi, kama tulivyosafiri sisi katika Land Rover zile za miaka ya sabini, zilizokuwa na vile vidirisha viwili chini ya kioo cha mbele vya kuingiza upepo, vumbi na mara nyingine nyuki.

 Niko tayari kwa maswali, na la Mweka Hazina litangulie.