Mzegazega wa Dunia na Mwezi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ugalla)



Tangu utoto tumefundishwa ya kuwa mwezi huizunguka dunia, nayo dunia imetulia kama Bwana Shauri wa zamani kitini pake. Neno hilo si uongo, lakini ni nusu ya kweli. Na mtu ambaye kazi yake ni kuandika taarifa hapaswi kuridhika na nusu.

Mfano wa nusu ya pili tunao hapa hapa Ugalla. Mrina asali atokapo porini huchukua asali yake kwa mzegazega, debe mbele na debe nyuma. Madebe yakilingana, bega hukaa katikati ya mti. Debe moja likizidi uzito, husogeza bega karibu na lile zito, hata mti ukakaa sawa.

Dunia na mwezi ni madebe mawili hayo, na mti wao ni ile nguvu ya kuvutana. Uzito wa dunia ni kama wa miezi 81. Umbali kati yao, toka kiini hata kiini, ni wastani wa kilometa 384,400. Ugawanyeni mafungu 82: bega liko mwisho wa fungu la kwanza upande wa dunia, yaani karibu kilometa 4,700 toka kiini chake. Na kwa kuwa toka kiini hata uso wa dunia ni kilometa 6,371, bega hilo limo ndani ya ardhi, kina cha karibu kilometa 1,700. Hapo ndipo wote wawili wanapopazunguka, kwa muda wa siku 27 na theluthi hivi: mwezi kwa duara kubwa, dunia kwa duara dogo.

Mtu atauliza, jambo hili limejulikanaje, nasi hatuioni dunia ikienda huko na huko? Abiria wa gari moshi huujua mwendo wake kwa kutazama miti ya nje. Nasi hatuna budi kutazama mbinguni. Mwaka 1930 na 1931 sayari ndogo iitwayo Eros iliikaribia dunia. Wataalamu wa nchi nyingi waliipima, na hesabu zao zilikusanywa na Harold Spencer Jones, aliyekuwa wakati ule mtaalamu wa nyota wa serikali huko Rasi ya Tumaini Jema. Eros ilionekana kama yasogea kidogo, ikaenda na kurudi kwa kadiri ya mwezi. Kumbe tuliosogea ni sisi. Kwa msogeo huo alipata uzito wa mwezi, akautangaza mwaka 1941.

Ndugu zetu, mkubwa asiyesogezwa hata kidogo na mdogo wake hayuko, wala mbinguni. Tarishi na karani na walikumbuke hilo. Na wakubwa wao pia.