Ampule ya bei kali: pesa inaenda wapi?

Maneno yaliyosemwa kwa wanachama, kikao cha mwezi



Kikao kilichopita mama mmoja aliuliza: kwa nini kasha ya chama inunue ampule za LED, na ile ya zamani iko pale butike kwa bei ya chini? Swali ni la haki. Pesa ni yetu wote.

Ampule ya zamani ni kioo, waya mwembamba wa tangsteni na kofia ya bati. Moto unapita, waya unawaka, basi. Lakini karibu sehemu 95 kati ya 100 za moto ule zinatoka joto tu. Ni jiko linalong'aa kidogo.

LED ni kazi ingine. Ndani kuna vipande vidogo vya kristali, vinakuzwa kiwandani kwa mashine za bei kubwa sana. Juu yake kuna unga wa manjano unaogeuza mwanga wa buluu kuwa mweupe. Ule wa buluu ulisumbua wataalamu miaka mingi; watatu waliouleta, wote wazaliwa wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel 2014. Kuna tena mtambo mdogo wa kupunguza moto wa volti 220, na chuma cha kutoa joto. Hivyo vyote unalipa siku ya kununua. Ile ya zamani inakulipisha kila usiku.

Tupige hesabu. Wati 60 kwa masaa 4 ni wati-saa 240. LED ya wati 9, mwanga karibu sawa, ni 36. Wenye paneli wananielewa haraka: hiyo 240 ni batri nzima ya volti 12, Ah 20. Kisha ya zamani inadumu masaa 1,000 hivi, LED nzuri 15,000.

Nasema nzuri. Sokoni kuna zile nyepesi kama ganda la yai. Moto ukipanda na kushuka zinakufa mbele ya mwezi kuisha. Hizo ndizo ghali kuliko zote.

Shida ya kweli naiona hapa: mtu aliyerudi juzi, bado anatafuta mabati, hawezi kulipa mwanga wa miaka kumi kwa siku moja. Ndiyo maana naomba kasha inunue kwa jumla, mwanachama arudishe kidogo-kidogo kwa miezi mitatu. Zile za kujipinda, zenye zebaki ndani, tusichukue. Aliye nayo nyumbani, ikivunjika afungue madirisha, asiokote kwa mikono mitupu.

Majina anaandika mweka hazina, hadi Jumamosi. Chungeni karatasi ya muuzaji. Ampule ikizimika mapema tutairudisha nayo.